Sauti Inayosoma Maneno Ambayo Hakuna Aliyeyasoma Kabla

Kabla ya mtu yeyote Afrika Mashariki kusikia jina la Siri au Alexa, wasaidizi wa sauti wa Apple na Amazon, tulikuwa tumeshaizoea sauti ya mashine. Ilikuwa ya yule mwanamke wa kwenye simu: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Wakenya waliisikia mara nyingi hata neno lenyewe likageuka maana mtaani, mtu asiyepatikana kwenye simu husemwa "yuko mteja", na kila anayesikia anaelewa. Tanzania tulikuwa na wa kwetu, naye hatukumjua jina wala sura. Tulimjua kwa sauti tu. Hakuwa na haraka, hakukasirika, na hata umpigie mara kumi alirudia yaleyale kwa pumzi ileile.

Sauti ile ilikuwa kanda. Mtu aliingia studio, akasoma sentensi, ikahifadhiwa, ikawa inachezwa kila simu inapokwama. Msaidizi wa sauti wa leo, yule unayemwambia akuamshe alfajiri au akusomee ujumbe wakati mikono yako imejaa unga wa chapati, ana kazi nyingine kabisa. Anatakiwa atamke sentensi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisoma studio. Ndugu yako akiandika "Mama Zuhura kasema bei ya dagaa imeshuka Kigoma", msaidizi lazima aiseme palepale, na aiseme kama mtu.

Jambo hili nililiona kwa karibu nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga. Presha ya macho imemchukulia uoni karibu wote, na vijana walimwekea simu yake isome ujumbe kwa sauti. Ila sauti iliyokuwemo ilikuwa ya Kiingereza, imetengenezwa kusoma Kiingereza, na sasa inalazimishwa kusoma Kiswahili. "Nimetuma hela" ikatoka imepinda, "nime" ikisikika kama "naimu", na mkazo ukiangukia popote. Mjomba alisikiliza mara tatu, akanigeukia: "Huyu anasoma kama mzungu aliyeshuka melini leo asubuhi. Nisomee wewe, mwanangu."

Nilimsomea. Lakini ujumbe wa mtu ni siri yake, na mzee wa miaka sabini na kitu hapaswi kumpitishia mpwa wake kila neno analoandikiwa na wanawe. Ndiyo maana naona swali la sauti ya mashine ni zito kuliko linavyochukuliwa.

Watu wamekuwa wakiihangaikia sauti ya kutengeneza kwa muda mrefu. Mwaka 1939, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, maabara ya Bell ilionyesha mashine iliyoitwa Voder, kazi ya mhandisi Homer Dudley. Haikuwa na kanda ndani. Mwanamke aliyefunzwa kwa miezi mingi alikaa mbele yake kama mpiga kinanda. Vidole vilitoa sauti, kifundo cha mkono kilichagua kati ya mngurumo na mchirizo wa pumzi, na mguu ulikanyaga pedali iliyopandisha na kushusha kidatu, yaani wembamba na unene wa sauti. Watazamaji walisikia mashine ikijibu "Yeye aliniona" kwa namna tofauti kulingana na swali: ukiuliza nani alikuona, mkazo unakwenda kwa "yeye", ukiuliza alimwona nani, unahamia kwingine. Maneno ni yaleyale, ila mguu umekanyaga tofauti. Ukiikumbuka pedali hiyo umeshashika nusu ya mambo yote, kwa sababu herufi ndizo sehemu rahisi. Kiimbo, huko kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya sentensi, ndicho kinachoishinda mashine mpaka leo.

Baadaye zikaja kompyuta. Dennis Klatt wa chuo cha MIT alitengeneza sauti kwa kanuni tupu, akitumia sauti yake mwenyewe kama kielelezo, na kutokana na kazi hiyo ndiyo ikapatikana sauti aliyoitumia mwanafizikia Stephen Hawking, aliyepoteza uwezo wa kusema. Hawking alikuwa Mwingereza, na sauti ile ilikuwa na lafudhi ya Kimarekani na ukavu wa chuma. Teknolojia ilipoendelea alipewa nafasi ya kubadilisha, akakataa. Alikwisha kujitambua ndani yake. Ukitaka kujua sauti ina uzito gani kwa mtu, hata ikiwa ya bandia, mfano huo unatosha.

Njia iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani: kukata na kuunga. Julai 2005, huko Georgia, Marekani, msanii wa sauti Susan Bennett alikaa kwenye studio yake ya nyumbani saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, mwezi mzima. Alikuwa akisoma sentensi nyingi zisizo na maana yoyote, zilizotungwa tu ili kukusanya kila namna ambavyo sauti mbili za Kiingereza zinaweza kukutana. Wahandisi wakazichana vipande vidogo vidogo. Mtu akihitaji neno, kompyuta inachagua vipande vinavyofaa na kuvishona. Oktoba 2011 Apple ilipotoa Siri ndani ya iPhone 4S, Bennett aliambiwa na mwenzake wa kazini kwamba sauti hiyo ni yake. Hakuwa amejulishwa. Alijitokeza hadharani mwaka 2013.

Ushoni huo ulikuwa mzuri, ila mishono ilionekana. Ndiyo sababu wasaidizi wa miaka ile walikuwa wakiruka ghafla katikati ya neno, hasa jina la mtu au la mtaa ambalo vipande vyake havikuwahi kukaa pamoja.

Mageuzi yalikuja Septemba 2016, pale DeepMind, maabara ya Google iliyoko London, ilipotangaza WaveNet. Hapa hakuna kuunga vipande tena. Kompyuta inasikilizishwa sauti za watu kwa saa nyingi, inajifunza namna wimbi la sauti linavyopanda na kushuka, kisha inalichora wimbi jipya nukta kwa nukta, nukta 16,000 kwa kila sekunde moja, kila nukta ikikisiwa kutokana na zilizotangulia. Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa ya polepole mno kwa matumizi ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye iliharakishwa mara 1,000, ikaingia ndani ya msaidizi wa Google. Kwa ghafla mashine ikawa na pumzi, na midomo ikasikika ikifunguka. Sauti nyingi unazozisikia leo ni watoto na wajukuu wa njia hiyo.

Kwa hiyo mashine inasema kama mtu kwa kadiri ilivyosikilizishwa watu. Kama haikusikilizishwa Waswahili, haina uchawi wa kutujua.

"Kinasomwa kama kilivyoandikwa"

Wengi husema Kiswahili ni rahisi kwa kompyuta kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kwa kulinganisha na Kiingereza ni kweli, na inasaidia sana. Lakini anayeishia hapo hajawahi kukaa na mashine akaisomesha gazeti.

Anza na "mbuni". Yule ndege mkubwa asiyeruka, "mb" yake inatamkwa kwa pamoja, silabi mbili tu. Mtu anayebuni kitu, "m" yake inasimama peke yake: m-bu-ni. Maandishi hayatofautishi, anayejua ni msomaji aliyeelewa sentensi. "Barabara" ya kupita magari na kazi iliyofanywa "barabara" zinatofautiana kwa mkazo pekee. Halafu kuna ng'ombe. Kwenye ujumbe wa simu nani anahangaika kutafuta alama ya ritifaa? Watu wanaandika "ngombe", na mashine inayofuata maandishi inatoa "ng" ya ngoma. Mtoto wa darasa la pili angerekebisha bila kufikiri.

Kisha zije tarakimu. Gazeti limeandika "watu 3, viti 3, mayai 3, nyumba 3". Wewe unasoma watatu, vitatu, matatu, tatu, na hata hujui kama umefanya kazi. Mashine lazima ijue ngeli ya kila nomino, na pia ijue kwamba moja hadi tano na nane hupatana, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazisogei. "Vitabu 25" ni ishirini na vitano. "Vitabu 26" ni ishirini na sita. Sauti iliyotengenezwa na mtu asiyejua haya itakusomea "watu tatu", na papo hapo masikio yako yanakataa kuiamini hata kwenye mengine. Namba ya simu nayo isomwe tarakimu moja moja, fedha isomwe kwa jumla. Na kama msaidizi atasikiliza pia, basi ajue kwamba "buku mbili na jero" ya Dar es Salaam na "thao mbili na mia tano" ya Nairobi ni hesabu ileile, 2,500.

Saa ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa kuwa madhara yake ni ya kweli. Mswahili anahesabu saa tangu jua lichomoze. Akisema "niamshe saa kumi na mbili asubuhi", anataka kuamshwa wakati simu yake ikionyesha 6:00. Msaidizi aliyefikiriwa kwa Kiingereza, kisha akavalishwa maneno ya Kiswahili juu juu, atatafuta 12:00. Basi la mkoani halisubiri. Na kusoma kuna shida yake: magazeti yetu huandika "saa 2:45 asubuhi", na mtu husema "saa tatu kasorobo". Hakuna herufi hata moja ya "tatu" wala "kasorobo" kwenye maandishi hayo. Ili mashine iseme hivyo lazima mtu aliyelelewa kwa saa hizi awe amekaa kwenye meza ya watengenezaji.

Mwisho turudi kwenye pedali ya Voder. Kiswahili kinaweza kugeuza maelezo kuwa swali bila kubadilisha neno wala mpangilio. "Umekula." "Umekula?" Kiingereza kinapindua sentensi, Kifaransa kina maneno ya kuongeza, sisi tunapandisha sauti tu. Mashine inategemea alama ya kuuliza, na watu hawaiandiki.

Kazi hizi hazijaachwa. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Nairobi walikuwa tayari wakitengeneza mfumo wa kusoma Kiswahili kwa njia ile ya kuunga vipande. Programu huria ya eSpeak imekuwa ikisoma Kiswahili kwa sauti kavu lakini inayoeleweka, na wasioona wengi wamesoma nayo kwa sababu ni ya bure na inakimbia hata kwenye kompyuta dhaifu. Microsoft leo ina sauti nne za Kiswahili za kizazi kipya: Zuri na Rafiki kwa Kenya, Rehema na Daudi kwa Tanzania. Napenda kwamba kuna wanawake wawili na wanaume wawili, na kwamba nchi mbili hazikulazimishwa kusema kwa kinywa kimoja. Mtu wa Lubumbashi au Bukavu, hata hivyo, hajisikii humo.

Kusikia ni kugumu kuliko kusema

Tukisema na msaidizi, njia inageuka. Maikrofoni inalikata wimbi vipande vya milisekunde chache chache, mfumo unakisia kila kipande ni sauti gani, kisha unatafuta mfululizo wa maneno unaoelekea zaidi kuwa ndio. Kukisia huko kunategemea kujua maneno yanayowezekana, na hapa kitenzi chetu kinaleta balaa lake zuri. "Nitakapompelekea" ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtu anayetenda, wakati ujao, "pale ambapo", mtu anayetendewa, kitendo na kauli ya kutendea. Badilisha kiungo kimoja na umepata neno jingine halali. Hakuna orodha inayoweza kuyamaliza yote, kwa hiyo mfumo unaofanya kazi vizuri ni ule unaojifunza viungo vyake, si maneno mazima.

Juu ya hapo hatusemi sawa. Mtu wa Lamu, wa Unguja, wa Mwanza, wa Goma na wa Bujumbura wote wanasema Kiswahili, na kijana wa Nairobi anachanganya na Kiingereza na lugha ya kwao ndani ya pumzi moja. Yaliyowakuta wengine yanatuonya. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo mitano ya kutambua usemi, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weupe ilikosea wastani wa maneno 19 kati ya 100; kwa Wamarekani weusi, 35. Lugha ni moja na nchi ni moja. Tofauti ilitokana zaidi na sauti za nani zilitumika kuifundisha mifumo hiyo.

Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa kwa sauti mwezi Agosti 2017, pamoja na Kiamhari, na wengi wetu tuliujaribu siku hiyo hiyo. Lakini kazi ninayoiona ya heshima zaidi ni ya Common Voice, mradi wa Mozilla ulioanza 2017. Yeyote anaweza kuingia, akasoma sentensi kwa sauti yake, na wengine wakasikiliza na kupiga kura kama imesomwa sawa. Rekodi zinawekwa wazi kwa kila mtu azitumie. Wanyarwanda walijitolea hadi Kinyarwanda kikapita saa 2,000 za rekodi, kiasi ambacho lugha kubwa nyingi hazikuwa nacho. Mwaka 2021 mradi ulipata ufadhili wa dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Mtu asidhani kusoma sentensi kumi jioni ni mchezo. Anayefanya hivyo anaacha lafudhi ya kwao mahali ambapo mashine itaikuta.

Sauti ya nani, na kwa adabu gani

Msaidizi hana mwili, kwa hiyo umri wake, jinsia yake na cheo chake vyote vimechaguliwa na mtu. Siri ilianza na sauti ya kike Marekani na ya kiume Uingereza. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hapakuwa na sheria ya maumbile. Alexa, aliyetoka Novemba 2014, na wengine wengi walianza kama wanawake wapole wasiochoka kutumwa. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti kuhusu jambo hilo, na jina la ripoti lilitokana na jibu alilokuwa akitoa Siri akitukanwa tusi la kudhalilisha wanawake: kwamba angeona haya kama angeweza. Mtoto anayekua akiamrisha sauti ya kike isiyojibu anajifunza kitu. Mwaka 2021 Apple iliacha kumchagulia mtumiaji wa Kiingereza sauti ya kike, ikamwachia achague mwenyewe anapoiwasha simu.

Kwetu swali lina upande ambao ripoti za Ulaya haziugusi. Sauti ya binti wa miaka ishirini inazungumza na bibi wa miaka themanini. Itaanzaje? Ikisema "habari" tu, kwa Mtanzania wa kawaida imeanza vibaya. Ikisema "shikamoo", imejidai binadamu mdogo anayeomba baraka, na bibi atalazimika kujibu "marahaba" kwa kifaa. Mimi naona bora isijifanye mjukuu. Lakini isiamrishe pia. "Ingiza namba yako" ni amri. "Naomba uingize namba yako" ni mtu anayeomba, na ndivyo tunavyoombana dukani na hospitalini. Tofauti ni neno moja tu, na halipatikani kwa kutafsiri.

Mashine inaweza kuvuka mpaka kwa upande mwingine pia. Mei 2018 Google ilionyesha Duplex ikipiga simu saluni kuweka miadi, ikiguna "mm-hm" katikati ya maneno hadi aliyepokea asijue anaongea na mashine. Watu walihoji, na Google ikasema mfumo huo utajitambulisha. Guno lenyewe lina sababu ya kiufundi: watu wakizungumza, pengo kati ya anayemaliza na anayejibu ni dogo sana, kama milisekunde 200, na kimya kinachozidi hapo kinasikika kama kusita. Guno linaziba kimya wakati kompyuta ikifikiri. Mimi ningependelea kimya.

Na je, msaidizi anatusikiliza muda wote? Ndani ya kifaa kuna programu ndogo inayongoja neno moja tu la kuiamsha. Ikilisikia ndipo inapoanza kupeleka sauti kwenye seva. Ndiyo maana majina haya yana sauti ngumu, kama ile "x" ya Alexa. Kifaa kikiitwa Asha, nusu ya mitaa ya Tanga ingekiamsha kutwa. Lakini hukosea na kuamka bila kuitwa, na mwaka 2019 ilijulikana kwamba baadhi ya rekodi zilikuwa zikisikilizwa na wafanyakazi ili kuboresha mifumo. Mwishoni mwa 2024 Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri kurekodi bila kuitwa, ingawa haikukiri kosa. Kwenye nyumba ambamo watu wengi hupita, mwenye kifaa awaambie wageni kwamba kipo.

Kwa mjomba nilirudi baada ya miezi miwili. Nilipakua sauti ya kike ya Kiswahili, nikaiweka kwenye simu yake, nikapunguza kasi. Aliisikiliza amefumba macho. "Huyu ni wa bara," akasema, "lakini anasomeka." Tukakaa barazani ikimsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine, nami nikanyanyuka nikasogea mbali kidogo, maana sasa hakunihitaji. Baada ya muda akaniita. Mjukuu wake alikuwa amemwandikia kutoka Dodoma, bila alama yoyote mwishoni, na sauti ikausoma kama taarifa, tulivu, ikishuka: "Babu umekula."

"Nimekula, ndiyo," mjomba akaniambia. "Lakini yeye yuko Dodoma, kajuaje?"

Nikampigia yule kijana nikamwomba awe anaweka alama ya kuuliza.